Chatu wa Dar Hapandishwi kwa Kalenda ya Ulaya

Kila ifikapo Machi malalamiko ya wafugaji wa chatu ni yale yale. Jike na dume wamekuwa wakikutanishwa tangu Novemba, wameonekana wakipandana, na yai hakuna hata moja. Mwenye jike anamlaumu dume, aliyeuza dume anailaumu lishe. Swali la kwanza liwe jingine: nani alisema uanze Novemba?

Miongozo mingi inayosomwa mtandaoni imeandikwa Marekani na Ulaya, ambako Novemba baridi ndiyo inaingia. Chatu mfupi wa Afrika Magharibi, Python regius, yule wa Ghana, Togo na Benin anayefugwa sana majumbani duniani, huamshwa na usiku unaopoa kwa wiki kadhaa mfululizo. Dar es Salaam Novemba joto linapanda kuelekea kaskazi. Chumba cha matofali chini ya bati kinabaki na joto mpaka alfajiri, na mwili wa jike hauoni badiliko lolote la kuuambia utengeneze mayai.

Msimu wetu ni kipupwe, Juni hadi Septemba. Ila hapo nako kuna mtego: usiku wa Julai nje hushuka hadi nyuzi 19 au 20, na hiyo ni baridi kupita kiasi kwake. Unachotaka ni upande wa baridi wa kizimba ushuke usiku hadi nyuzi 24 au 25, huku upande wa joto ukibaki 31 au 32 saa zote, pedi ya joto ikiwa kwenye themostati, kifaa kinachoiwasha na kuizima kulingana na joto. Akikaa chini ya nyuzi 22 usiku baada ya usiku, na unyevu wa pwani huu, kifua kinamharibikia: anapumua kwa mlio, mdomoni anatoa ute wenye mapovu. Nyoka wa namna hiyo anatibiwa, hapandishwi.

Baada ya joto, mizani. Ya jikoni inayosoma gramu inatosha. Jike asipandishwe kabla ya kufika gramu 1,500 na umri wa miaka mitatu. Akishataga anaweza kuwa amepoteza karibu theluthi ya uzito wake, na kuurudisha kunachukua miezi. Porini majike wengi hawatagi kila mwaka, kwa hiyo kwa maoni yangu mwaka mtupu baada ya mwaka wa mayai saba si hitilafu hata kidogo. Anayemlazimisha jike kutaga mfululizo ndiye anayenunua matatizo.

Wengine wakishaelewa hilo wanakimbilia kumshindilia chakula, nalo ni kosa. Jike mnene hutoa viza vingi, au hatoi kitu. Mtazame anapojikunja: ngozi ikiachana kati ya magamba ubavuni, amezidi. Mwenye afya ana umbo la pembetatu iliyolainika, uti wa mgongo unausikia kwa kidole lakini haujachomoza. Panya mmoja mwenye asilimia 5 hadi 7 ya uzito wake, kila siku 10 hadi 14, anamtosha jike mkubwa. Panya awe wa kufugwa. Wa mtaani huenda amekula sumu ya panya, na sumu hiyo haiishii kwa panya.

Kupandisha kwenyewe si kazi kubwa. Dume anaingizwa kwenye kizimba cha jike siku mbili au tatu, anatolewa, anapumzika na kula, wiki mbili baadaye anarudi. Akipoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito, msimu wake umeisha. Na kabla ya kumlaumu, hakikisha ni dume. Kuna jozi zinazokaa misimu miwili bila yai kwa sababu wote ni majike. Mtu mwenye uzoefu awapime jinsia kwa kijiti maalumu cha chuma, dakika moja tu, kuliko kubahatisha kwa kuangalia mkia.

Dalili ya kungoja ni uvimbe katikati ya mwili, kana kwamba amemeza panya mkubwa. Hukaa takribani siku moja tu, ndiyo maana wengi hawauoni. Baada ya wiki mbili au tatu anajivua gamba, na kutoka siku hiyo hesabu kama siku 30 hadi mayai.

Mayai yasigeuzwe. Yawekee alama ya penseli juu, yalaze kwenye vemikulaiti, chembe za madini mepesi zinazoshika unyevu, iliyochanganywa na maji kwa uzito sawa. Ukiiminya mkononi isitiririke. Mulika kwa tochi: mishipa myekundu ni uhai, njano tupu ni viza. Joto nyuzi 31 hadi 32, siku 55 hadi 60. Boksi jeupe la kuhifadhia samaki, kama yale ya soko la samaki la Feri, likipangwa chupa za maji ndani, hushikilia joto vizuri umeme ukikatika. Lakini ukipandisha kipupwe, mayai yanaangukia Novemba na kuendelea, na hapo kukatika kwa umeme si hatari kubwa sana. Hatari ni mchana wa Januari. Themostati inazima pedi tu, haipoozi chumba, na chumba kikifika nyuzi 35 mayai yanapikika. Liweke boksi kwenye chumba chenye dari, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni.

Kuhusu kibali: chatu wetu wa porini wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na chatu wote wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini. Asiye na karatasi asianze. Na watoto wasio na mnunuzi hawapelekwi kuachiwa msitu wa Pugu.

Kama Oktoba imefika bila uvimbe wala dalili nyingine, mtoe dume, rudisha joto la kawaida la usiku, mpime jike kila mwezi. Jike aliyetulia, anayekula na kuongezeka uzito hahitaji dawa. Aliyevimba sehemu ya nyuma, akataga mayai mawili kisha akakwama siku ya pili, huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, wala usijaribu kuyakamua mwenyewe.