Novemba ya Waingereza na wapagazi wetu

Anayeitazama kalenda ya sikukuu za Uingereza kutoka mbali huweza kudhani kwamba zote ni mila za kale zilizopokewa kwa mababu bila kuguswa. Ukweli ni kwamba nyingi kati ya hizo zina mwaka zilipoanzishwa na sheria iliyozianzisha. Siku za mapumziko za kitaifa zilitokana na sheria ya mwaka 1871, iliyofikishwa bungeni na John Lubbock, mtu wa benki aliyekuwa pia mwanasayansi. Mwaka Mpya haukuwa siku ya mapumziko nchini England hadi mwaka 1974, na Jumatatu ya kwanza ya Mei iliongezwa mwaka 1978. Huko Scotland, ambako Kanisa la Kipresbiteri liliitilia Krismasi shaka kwa karne kadhaa, siku hiyo haikuwa sikukuu ya mapumziko hadi mwaka 1958, kwa kuwa sherehe yao kubwa ilikuwa mkesha wa Mwaka Mpya. Ireland ya Kaskazini nayo hupumzika tarehe 12 Julai kukumbuka ushindi wa Mfalme William, Mprotestanti, dhidi ya mfalme Mkatoliki katika vita vya mto Boyne mwaka 1690, na wapo wananchi wengi wa huko, Wakatoliki hasa, ambao hawajawahi kuiona kuwa sikukuu yao.

Tarehe 5 Novemba inaonyesha jambo hili waziwazi zaidi. Mwaka 1605 Guy Fawkes, mmoja wa Wakatoliki waliopanga njama ya kumuua mfalme, alikamatwa chini ya jengo la Bunge akiwa na mapipa 36 ya baruti, na mwaka uliofuata Bunge likatunga sheria ya kumshukuru Mungu kila mwaka kwa kumwokoa mfalme. Kwa zaidi ya miaka 250 ibada hiyo iliwabebesha Wakatoliki lawama, mpaka sheria yenyewe ilipofutwa mwaka 1859. Leo familia hukusanyika uwanjani kuwasha moto mkubwa na kutazama fataki, na walio wengi hawafikirii madhehebu ya mtu yeyote. Mwishoni mwa Agosti nako kuna kanivali ya Notting Hill, iliyoanzishwa na wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi, ambayo sasa ni sehemu ya mwaka wa London kama ilivyo Krismasi. Kalenda hiyo, basi, hupanuka pale watu wanapodai nafasi yao ndani yake, na mimi naamini kwamba Afrika Mashariki ina dai la haki katika Jumapili ya pili ya Novemba.

Siku hiyo Waingereza huwakumbuka waliokufa vitani. Wiki kadhaa kabla, watu huanza kubandika kifuani ua jekundu la karatasi, linalouzwa kuwachangia askari wa zamani na familia zao. Saa tano kamili asubuhi, saa kubwa ya Bunge inapogonga, mzinga hulia na umati uliojaa mtaa wa Whitehall hunyamaza kwa dakika mbili. Kisha mfalme huweka shada la maua kwenye mnara uliobuniwa na Edwin Lutyens, akifuatiwa na viongozi wa serikali na mabalozi wa nchi za Jumuiya ya Madola, zikiwemo zetu. Ni ibada ninayoiheshimu sana, kwa sababu taifa zima hukubali kusimama kwa ajili ya wafu wake.

Wafu hao, hata hivyo, hawakuhesabiwa kwa mizani moja. Katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Uingereza lilipigana na Wajerumani huku Afrika Mashariki, katika nchi ambazo mbung'o waliua farasi na maksai, na magari yalikwama kwenye matope ya masika, hivyo risasi, mahema na chakula vikabebwa vichwani na watu. Wapagazi waliochukuliwa, wengi wao kwa nguvu, wanakadiriwa kufikia milioni moja. Walipewa posho ya unga wa mahindi, chakula ambacho wengine hawakukizoea, wakaula haujaiva vizuri kwa kukosa muda na kuni, na kuhara damu kukawaua kuliko risasi. Makadirio yanayotajwa mara nyingi yanakaribia vifo 100,000. Waliowabebea Wajerumani mizigo wana kumbukumbu pungufu zaidi, na hilo nalo linaniuma.

Tume ya makaburi ya vita iliundwa mwaka 1917 kwa msingi kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, bila kujali cheo wala asili. Mwaka 2021 tume hiyohiyo ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na waziri wa ulinzi akaomba radhi bungeni. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ina maandishi ya Kiswahili yanayowataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, na kumwahidi anayekufa kwamba watoto wake watalikumbuka jina lake. Juu ya sanamu hiyo hakuna jina la mpagazi hata mmoja.

Wapo watakaouliza kwa nini tuombe nafasi katika ibada ya waliotutawala, hasa wakati wengi wa wapagazi hao hawakwenda kwa hiari. Nalielewa swali hilo, lakini sioni kama kulazimishwa kunampunguzia mtu haki ya kutajwa, kwangu kunaiongeza. Wala radhi ya bungeni haitoshi. Tume inapaswa kuendelea kuyatafuta majina kwenye nyaraka na kwa familia zinazosimuliana habari za babu aliyechukuliwa asirudi, ikishirikiana na hifadhi za nyaraka za Dar es Salaam na Nairobi, na kuyaandika mahali ambapo wajukuu wanaweza kuyasoma bila kupanda ndege. Katika ibada ya Whitehall wapagazi watajwe kwa kazi yao, wasifichwe ndani ya maneno ya jumla kuhusu Jumuiya ya Madola. Na kwa kuwa majeshi ya Wajerumani huku kwetu yalisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya, Tanzania, Kenya na Zambia zingeweza kuanza kuiadhimisha tarehe hiyo zenyewe, bila kungoja ruhusa ya London.