Sikupandisha Jamani, Nilikuwa Navuta Uzi

Ile video ya sekunde 18, ya mimi na gitaa harusini, ambayo watu wanasema nimepandisha shetani, naona imeshafika Muscat. Nimetumiwa na watu watatu tofauti, na mmoja kaambatanisha dua. Aliyeisambaza ni rafiki yangu mpiga besi, ambaye kuanzia leo namwita Besi tu, jina lake kalipoteza. Kwa kuwa yeye kashaeleza ya kwake, nami acheni nieleze yangu, kidole kikiwa bado kina plasta.

Miezi mitatu nimejifungia chumbani na gitaa na wimbo mmoja wa bluzi, ufunguo wa A. Mpangilio wake hauna ujanja: baa (vipimo vya muziki) 4 za chord ya A, 2 za D, 2 za A tena, kisha 1 ya E, 1 ya D, na 2 za kurudi nyumbani. Jumla 12, hata mtoto anahesabu. Kazi iko kwenye kupiga nyuzi mbili kwa mpigo mmoja. Kidole cha shahada kinalala freti (kigawanyo cha shingo ya gitaa) ya 5, kimebana uzi wa kwanza na wa pili. Kidole cha pete kinausukuma uzi wa tatu pale freti ya 7 mpaka sauti yake ipande, ilingane na ya uzi wa pili. Zikikutana, utasema ndugu wawili waliogombana wamepatana. Zisipokutana ni paka wawili juu ya bati. Mimi nilikaa na paka wiki sita. Jirani aliniuliza kwa upole kabisa kama siku hizi nafuga.

(Mnaojiandaa kuniambia hilo ni solo la rumba: najua wapiga solo wa Kongo wana nyuzi zao mbili mbili tangu enzi na enzi. Wao huziacha zitiririke. Huku zinavutwa, kama alivyokuwa akizivuta Chuck Berry, yule wa rock and roll, naye akasema wazi kwamba alichota kwa T-Bone Walker, mpiga gitaa la bluzi wa kabla yake. Tuendelee.)

Halafu kuna suala la uso. Ukiuvuta ule uzi, uso nao unafuata. Mtazameni B.B. King, gwiji wa gitaa la bluzi, kila noti na sura yake. Mimi uso niliufanyia mazoezi mbele ya kioo, tena kuliko vidole. Hilo nakiri.

Basi, harusi ya binamu yangu, Ngamiani, Tanga. Watu wameshiba pilau, taarabu bado haijaanza, mshereheshaji katupa dakika tano. Baa nne za kwanza zikapita salama. D ikapita. Nikarudi A, baa ya saba, nikaona kina mama mstari wa mbele wananitazama, nikajiambia hapa hapa.

Nikafumba macho. Nikarudisha kichwa nyuma. Nikausukuma uzi wa tatu kwa nguvu zangu zote, maana nyuzi nilizofunga ni nene, muuzaji alikuwa na hizo tu. Ukapanda. Ukaendelea kupanda. Sasa jasho la Tanga mnalijua. Kidole kikateleza, kikapita chini ya uzi wa nne, na uzi wa nne, bila haraka yoyote, ukaingia katikati ya kucha na nyama.

Sikupiga kelele. Naomba hilo liandikwe. Nilichotoa ni mngurumo, wa chini, mrefu, mdomo ukiwa umegusa maiki. Mmmmmmmh. Bega likaruka lenyewe. Mguu nao ukaanza kutetemeka.

Vigelegele vikakatika. Kwenye ule ukimya nikasikia kiti cha plastiki kinasukumwa nyuma, na sauti ya shangazi yangu wa Pangani, ambaye mambo haya anayajua:

"Kapandisha!"

Kabla sijafumbua macho, giza. Kanga imenifunika kichwa mpaka kifuani, bado ina joto la mwenyewe, inanukia udi na kitunguu cha kachumbari. Mtu mwenye akili angeacha kupiga. Lakini miezi mitatu, jamani! Baa ya tisa inakuja, tunatakiwa E, na Besi kaganda kwenye A, kazi yake ni kumkodolea macho shangazi. Nikapaza sauti kutoka ndani ya kanga:

"Nenda E! Nenda E!"

"Mwambie, baba!" shangazi akaitikia. "Mwambie aende!"

"Aende!" wakadakia kina mama.

Besi akashtuka, akaenda. Akaenda D.

"Siyo huko! Rudi! Rudi!"

"Usimrudishe!" Sasa shangazi kanishika mabega. "Asirudi! Nani mwenye marashi hapo?"

Yakaja. Nikanyunyiziwa juu ya kanga, nikanyunyiziwa gitaa, na kwa kelele za spika nadhani nayo ilipata sehemu yake. Shangazi akaniinamia sikioni, akauliza kwa adabu zote, si mimi, yule mwingine: "Mgeni wetu, unataka nini? Kahawa? Halua?" Mimi nilichokuwa nataka ni mtu anichomoe kidole kwenye uzi. Nikasema, "Nitoe." Wakapiga vigelegele. Wakati huo huo kuna aliyejikwaa kwenye waya, spika ikalia PAP! kisha kimya kabisa.

"Katoka," akasema shangazi, na ukumbi mzima ukashusha pumzi.

Taarabu ikapigwa. Mimi nilimalizia jikoni, kidole kwenye barafu, bibi harusi kaja kunipa pole akashindwa kuongea kwa kucheka, kaondoka. Gitaa mpaka leo linanukia waridi. Besi anaapa kwamba D ndiyo ilikuwa sahihi.

Jana shangazi kanipigia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Usiku husikii mtu anakuita?"

Nikaona nimalize mambo. Nikamweleza taratibu: shangazi, ule ni muziki, unaitwa bluzi, asili yake ni watu weusi wa Marekani, na uso wangu ndivyo ulivyo ninapopiga.

Akanyamaza muda, mpaka nikadhani simu imekatika.

"Wa Marekani," akasema. "Sasa huyo halua ataila kweli?"