Gombe: wageni wachache wenye pesa, au wengi wa boti ya abiria?

Mkataba wa kipande cha reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Tangu hapo mazungumzo ya utalii mjini Kigoma hayakosi swali moja: treni ikifika, Gombe na Mahale, hifadhi za sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, zifunguliwe kwa watu wengi zaidi, au zibaki za wachache wanaolipa ghali? Wenye hoteli, bodaboda na maboti wanataka wengi. Wahifadhi wengi wanataka wachache. Kila upande unasema unalinda mazingira, na kila upande una ushahidi wake.

Tuanze na wahifadhi. Nchi kavu ya Gombe ni kama kilomita za mraba 35 tu: ukanda mwembamba wa mabonde kati ya ziwa na kingo za bonde la ufa, umezungukwa na vijiji na mashamba. Sokwe wake ni kama mia moja. Ukizidisha magari Serengeti unaharibu nyasi na kuwasumbua simba, lakini ni nadra simba kuambukizwa mafua yako. Sokwe anaambukizwa, tena mafua yanayokulaza wewe siku mbili yanaweza kumuua yeye. Mwaka 2006 ugonjwa wa njia ya hewa ulipita katika kundi la sokwe wanaotembelewa Mahale, kadhaa wakafa, na watafiti wakashuku kirusi kilichotoka kwa binadamu. Ndiyo maana Mahale wageni huenda kwa vikundi vya watu wasiozidi 6, huvaa barakoa, hukaa mita 10 kutoka kwa sokwe na hukaa nao saa 1 tu. Hapo hoja ya "wachache" ina nguvu, na sidhani kama kuna mtu makini anayeweza kuipuuza.

Ila hoja hiyo hunyamaza inapofika mwaka 1966. Polio iliwapooza na kuwaua sokwe wa Gombe mwaka huo. Gombe haikuwa hata hifadhi ya taifa, maana ilitangazwa 1968, na watalii hawakuwepo wa kulaumiwa. Ugonjwa ulikuwa umezuka kwa watu wa eneo hilo hilo. Kwa maneno mengine, afya ya mtoto wa Mwamgongo au Mtanga, vijiji vinavyopakana na hifadhi, ni sehemu ya afya ya sokwe. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefika Gombe Julai 1960, aliona jambo la aina hiyo kwenye misitu: vilima nje ya mpaka vilipobaki vipara, taasisi yake ilianzisha mradi wa TACARE mwaka 1994, ikaanza kuzungumza na wanakijiji kuhusu miti, maji na afya. Mpaka wa hifadhi peke yake haukutosha.

Sasa swali la pesa. Mgeni anayekwenda Mahale kwa ndege ndogo hutua kwenye kiwanja kilicho kaskazini mwa hifadhi, humalizia safari kwa boti na hulala kambini ufukweni. Mjini Kigoma huenda asitie mguu. Hanunui samaki wa mgebuka wala halali gesti, na chakula chake kwa sehemu kubwa kimekuja naye angani. Anaacha ada kubwa serikalini, na tusiidharau: mgeni wa nje hulipa mara nyingi zaidi ya Mtanzania, na askari wa doria hawalipwi kwa shukrani. Lakini mama lishe wa Kibirizi, yanakoondokea maboti ya abiria, haioni ada hiyo.

Anayepanda boti ya abiria Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini, akashuka Gombe, anafanya kinyume. Boti hiyo ingeondoka hata asingekuwemo, kwa hiyo mafuta anayoongeza ni kidogo sana kuliko ya boti ya kukodi inayobeba watu wawili. Nauli yake inabaki ziwani. Tatizo ni kwamba amekaa saa kadhaa amebanana na magunia, kuku na watu wanaokohoa, kisha anapanda mlimani kumtazama mnyama asiyeweza kuhimili kikohozi. Waandishi wa makala za utalii wanaoisifu boti hiyo kama safari safi kuliko zote huliruka jambo hili. (Tena wengi hawasemi kitu kuhusu jaketi la kuokolea, na ziwa letu upepo ukigeuka halina utani.)

Kuhusu mifuko na chupa sina mengi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na mgeni anayehitaji kukumbushwa arudi na chupa yake ana matatizo makubwa kuliko chupa.

Kwangu idadi ya wanaosimama mbele ya sokwe ibaki ndogo, treni ije au isije. Kinachoweza kuongezeka ni siku ambazo mgeni anakaa mkoani kabla ya kupanda mlimani. Mafua kwa kawaida hujitokeza ndani ya siku chache baada ya kuambukizwa. Aliyetua jana kutoka ng'ambo na leo yuko msituni hajapata hata nafasi ya kujua kama anaumwa. Aliyelala Ujiji au mjini siku tatu, akaenda Gombe kwa boti isiyojazwa, anakuwa amejipima bila kujua, na pesa yake imepita kwenye mikono mingi.

Lipo pingamizi moja ninaloliona zito. Aliyelipa dola nyingi na amebakiza siku moja tu hatasema kwamba koo linamuwasha. Atameza dawa na kuvaa barakoa vizuri. Mkazi wa Kigoma anaweza kuahirisha hadi wiki ijayo, yeye hawezi. Kwa hiyo bei ya juu, inayosifiwa kwa kupunguza watu, inawafundisha wale wachache kuficha ugonjwa. Dawa yake si ngumu: anayejitangaza kuwa anaumwa arudishiwe ada ya kuwaona sokwe, na jambo hilo lisemwe wakati wa kununua kibali, asisubiri kuambiwa getini.