Mkono wa Pweza na Swali la Nani Anaamua Ndani ya Ubongo

Mtu aliyewahi kuchokoa pweza maji yakiwa yamekupwa, iwe Msimbati, Mikindani au kwenye miamba ya Kilwa, analijua jambo hili bila kufundishwa na mtu: mnyiri uliokatwa haufi papo hapo. Unajikunja na kujikunjua ndani ya ndoo, na ukiugusa, vinyonyo vyake vinang'ang'ania kidole mpaka uvibandue kimoja kimoja. Kichwa kiko pembeni, hakiuamuru tena. Nani basi anauambia ushike?

Swali hilo limewagawa wachunguzi wa ubongo kwa zaidi ya miaka mia moja, na hawajalimaliza. Upande mmoja unasema kila sehemu ya ubongo, hata kila seli, ina kazi yake maalumu, na habari hukaa mahali panapojulikana. Upande wa pili unasema hakuna seli inayojua chochote peke yake. Kwao, kujua ni kazi ya mtandao mzima, na habari imo katika namna seli zinavyoungana na kuitikiana. Nalijadili huku Kusini kwa sababu jibu tunalolishika, hata tusipojua kwamba tumelishika, ndilo linaloamua tunavyomhudumia mzee aliyepigwa na kiharusi, mtoto mwenye kifafa, na kijana aliyepooza miguu kwa sumu ya muhogo.

Pweza ana seli za neva zipatazo milioni 500, na karibu theluthi mbili yake ziko katika mikono minane, nje kabisa ya ubongo wa kati. Mwaka 2001 watafiti walikata mawasiliano kati ya mkono na ubongo, kisha wakauchochea mkono ule kwa umeme. Ulijinyoosha kwa mwendo uleule anaoutumia pweza mzima anapofuata windo. Yaani mpango wa kujinyoosha umehifadhiwa mkononi. Ubongo unatoa ruhusa, mengine mkono unajua wenyewe.

Hapo watu wa mtandao wangeweza kutangaza ushindi. Lakini mwaka 2011 watafiti walimfundisha pweza kupitisha mkono mmoja ndani ya njia zenye matawi ili afikie chakula alichokiona kwa macho tu. Mkono peke yake usingejua pa kwenda, maana kilichoona ni jicho. Wengi wa pweza wale walijifunza. Kwa hiyo ubongo wa kati unaweza kuushika usukani pale unapotaka.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote lilitolewa mwaka 2014. Mkono uliokatwa hushika karibu kila kitu unachokigusa, lakini haukushika ngozi ya pweza. Kuna kemikali katika ngozi ile inayovizuia vinyonyo, na bila kizuizi hicho pweza angejifunga fundo na mikono yake mwenyewe. Hata hivyo, pweza mzima alipopewa mkono uliokatwa, mara nyingine aliushika. Maana yake mkono una sheria yake, na kichwa kinaweza kuitengua. Mnyama mmoja anazipa pande zote mbili ushahidi, na hilo lingetosha kumfanya mtu mwenye msimamo mkali apunguze sauti.

Ugomvi wa binadamu juu ya ubongo wa binadamu ulikuwa mkali zaidi. Mwaka 1873 Camillo Golgi wa Italia aligundua namna ya kuzitia rangi seli za neva kwa madini ya fedha zikaonekana na matawi yake yote. Aliamini zimeungana kuwa wavu mmoja usiokatika. Mhispania Santiago Ramón y Cajal alitumia rangi ileile akaona kinyume chake: kila seli inasimama peke yake, na inazungumza na mwenzake kwa kukaribiana. Mwaka 1906 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja, na Golgi akaitumia hotuba yake kuutetea wavu wake. Kuhusu umbo, Cajal alikuwa sahihi. Kuhusu kazi, ningemwachia Golgi nusu ya hoja. Seli zimetengana kweli, lakini tukitafuta habari ndani ya moja peke yake tunarudi na kidogo sana.

Sababu iko katika lugha yenyewe ya seli, na tuliijua kwa msaada wa ngisi. Ngisi ana uzi wa neva mnene ajabu, unaoweza kukaribia milimita moja, wakati nyuzi zetu hazionekani bila darubini. Waingereza Alan Hodgkin na Andrew Huxley walipenyeza elektrodi, yaani waya mwembamba wa kupima umeme, ndani ya uzi huo, na mwaka 1952 wakaeleza kwa hesabu jinsi pigo la umeme linavyozaliwa: chembe za sodiamu zinaingia, za potasiamu zinatoka, na yote yanakwisha ndani ya sehemu chache za elfu moja za sekunde. Pigo hilo halina kubwa wala dogo. Ama limetoka au halikutoka. Kinachobadilika ni mara ngapi linatoka na wakati gani. Pigo linalotoka jichoni na linalotoka kidoleni ni lilelile. Maana yake inategemea limetoka kwa nani, limefika kwa nani, na wengine walikuwa wanasema nini wakati huohuo.

Na seli inayopokea haipitishi tu. Mkulima wa korosho aliyekaa kwenye mnada wa chama chake cha ushirika ataelewa upesi. Bei inasomwa, hawa wanapiga kelele za kukubali, wale wanakataa, na mwisho linatoka jibu moja: tunauza au hatuuzi. Seli moja hupokea sauti kutoka kwa maelfu ya wenzake, nyingine zikiichochea, nyingine zikiizuia. Zikizidi za kuchochea na kupita kiwango fulani, inatoa pigo lake. Ubongo wa mtu una seli za neva kama bilioni 86, kwa hiyo minada hii haina idadi.

Tuwasikilize kwanza wanaosema kila kitu kina mahali pake, kwa kuwa ushahidi wao si mdogo. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alipasua ubongo wa marehemu aliyekuwa akielewa anachoambiwa lakini hawezi kutamka zaidi ya silabi moja, akakuta jeraha upande wa mbele wa kushoto. Karibu miaka mia moja baadaye David Hubel na Torsten Wiesel walikuta katika ubongo wa paka seli zinazoitikia mstari uliolala kwa pembe fulani tu. Ukiugeuza mstari, seli inanyamaza. Kisha mwaka 2005 likaja la kushangaza zaidi. Wagonjwa wa kifafa nchini Marekani, waliokuwa wamewekewa elektrodi kichwani kabla ya upasuaji, walionyeshwa picha za watu mashuhuri. Seli moja iliitikia picha mbalimbali za mwigizaji Jennifer Aniston. Nyingine iliitikia picha za Halle Berry na hata jina lake lilipoandikwa kwa herufi tu.

Magazeti yalishangilia kwamba kumbe kila mtu tunayemjua ana seli yake kichwani. Mimi hapo nasita, na hesabu yenyewe inasitisha. Ukiingiza elektrodi chache katika bahari ya mabilioni ya seli na kuonyesha picha mia moja hivi, huwezi kubahatika kuikuta seli moja pekee inayomjua mtu mmoja. Kama umeikuta, basi ziko nyingi za namna hiyo. Na ileile ya Aniston baadaye ilionekana kumwitikia pia Lisa Kudrow, aliyeigiza naye. Seli hiyo ni mshiriki wa kundi, na makundi yanapeana washiriki pale mambo yanapohusiana. Hivyo ndivyo ukimkumbuka mtu mmoja, yule aliyekuwa naye anajitokeza bila kuitwa.

Upande wa mtandao una nguvu zaidi kwenye mwendo. Apostolos Georgopoulos na wenzake walionyesha mwaka 1986 kwamba nyani anapoelekeza mkono mahali, kila seli ya ubongo wa mwendo ina upande inaoupendelea, lakini inaitikia ovyo ovyo hata kwa pande za jirani. Ukiisoma moja huambulii kitu. Ukizijumlisha mamia, kila moja kwa nguvu ya pigo lake, unapata uelekeo wa mkono kwa usahihi wa kustaajabisha. Nyuma zaidi, mwaka 1949, Donald Hebb wa Kanada alikuwa amependekeza kwamba seli zinazosaidiana kupiga huimarisha kiungo kati yao, na kwamba huko ndiko kujifunza kunakokaa. Wazo hilo ndilo mzizi wa mitandao bandia ya kompyuta iliyowapa John Hopfield na Geoffrey Hinton Nobel ya Fizikia mwaka 2024.

Lakini nao hupitiliza. Mnyoo mdogo aitwaye C. elegans ana seli za neva 302 tu, na ramani ya viungo vyote vinavyoziunganisha seli hizo ilichapishwa mwaka 1986. Mpaka leo ramani hiyo haitoshi kutabiri kila atakachofanya, kwa kuwa kemikali zinazoelea kati ya seli hubadilisha nguvu ya viungo vilevile kati ya njaa na shibe. Kujua nani ameungana na nani ni mwanzo tu.

Msimamo wangu ni kwamba hoja ya mtandao ni kweli pale ambapo ubongo una njia nyingi za kufikia jambo moja, na hoja ya mahali ni kweli pale ambapo njia ni moja. Mtwara imeziona zote mbili, na ya pili imetuumiza.

Konzo ni ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla, ndani ya saa au siku chache, na haponi mtu. Huwapata zaidi watoto na wanawake wa umri wa kuzaa, pale familia inapokula muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha kwa majuma mfululizo bila protini, kama inavyotokea ukame unapoharibu mazao mengine. Wilaya ya Mtwara ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopata wagonjwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sainaidi, sumu iliyomo katika muhogo huo, inaharibu seli zinazobeba amri ya mwendo kutoka ubongoni hadi kwenye uti wa mgongo. Mgonjwa hisia anazo na miguu anaigusa ikiwa na joto, lakini inakakamaa kama mikasi. Wanaohubiri kwamba ubongo hujipanga upya kila mara wamtazame kijana huyu. Mabilioni ya seli yamebaki, ila barabara ya kwenda miguuni ilikuwa ile. Hapa tiba ni kuzuia: unga wa muhogo mchungu ukiloweshwa, ukatandazwa tabaka jembamba kwa saa mbili juani au tano kivulini, sehemu kubwa ya sumu huruka kama hewa. Ni maarifa rahisi, na inanikera kwamba hayatangazwi kijiji kwa kijiji kila mvua inapokosekana.

Kifafa kinafundisha jingine. Watu wengi hudhani ubongo wa mtu aliyeanguka umezimika. Kinyume chake, makundi makubwa ya seli yanapiga kwa pamoja, kwa mpigo mmoja. Habari inahitaji tofauti, hizi ziseme wakati zile zimenyamaza. Zote zikisema neno moja hakuna kilichosemwa, ndiyo maana fahamu inapotea. Hakuna kitu hapo kinachoweza kuambukiza kupitia mapovu ya mdomoni, na kumwacha mtoto karibu na moto wa jikoni kwa kuogopa kumgusa ni ukatili unaotokana na kutojua. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, kaa naye.

Kiharusi kiko katikati, na ndicho kinachotuhusu wengi. Mwaka 2006 Marekani ilichapisha jaribio la wagonjwa 222 waliokuwa wamepata kiharusi miezi mitatu hadi tisa nyuma. Baadhi yao walivalishwa kizuizi kwenye mkono wenye nguvu kwa majuma mawili, wakalazimika kutumia ule dhaifu huku wakifanyishwa mazoezi kwa saa nyingi. Waliwapita wenzao waliopewa huduma ya kawaida, na faida hiyo ilionekana hata baada ya mwaka. Upande wa mahali unayo haki ya kukumbusha kwamba waliochaguliwa ni wale ambao kiganja na vidole vilikuwa bado vinacheza kidogo. Penye kufutika kabisa, mazoezi hayaumbi njia mpya kutoka patupu.

Tazama sasa tunavyomuuguza mzee nyumbani. Tunamlisha, tunamvalisha, tunamshikia kikombe, na binti akimwacha babu ahangaike na kijiko anaambiwa hana huruma. Huruma tunayo, ila mkono wenye uhai kidogo unanyimwa mazungumzo yanayozifanya seli zilizobaki ziimarishe viungo vyao, katika miezi ileile ambayo ubongo uko tayari zaidi kujipanga. Kama vidole vinaweza kujikunja hata nusu, kikombe kiwekwe upande wa mkono dhaifu, uji uwe wa vuguvugu ili asiungue, na familia ivumilie umwagike.