Carina ya Kutembelea na Mchanga

Nyuma ya gari ikianza kupiga chini, Dodoma nzima inageuka mafundi. Langu ni Toyota Carina Ti la mwaka 1998, na lilikuwa limefika mahali ambapo kila likivuka tuta linatoa "kho!" ya kuamsha mtaa, halafu eksozi inamalizia kwa kukwangua lami. Dereva wa bodaboda aliniambia ni bushi. Muuza vocha akasema ni mauntini ya injini, wakati injini iko mbele. Shemeji yangu, ambaye hana hata baiskeli, alipiga magoti, akachungulia chini ya bampa kwa muda mrefu, akainuka akijipangusa vumbi.

"Shem, hizo shokapu zimekufa."

Tangu Dodoma iwe jiji mwaka 2018 lami imeongezeka kweli, lakini kila kipande cha lami kimekuja na matuta yake. Na ukiiacha lami kuingia mtaani kwetu Nkuhungu, unakuta mvua zimeshachimba makorongo katikati ya njia. Gari lililolala nyuma halina pa kukimbilia.

Fundi wangu ana gereji chini ya mwarobaini, na naye alishasema shokapu kabla sijazima injini. Nilimwonyesha: fundi, gari limelala hata likiwa tupu. Tazama bodi ilivyoanza kulifunika tairi. Tazama tairi za nyuma zilivyolika upande wa ndani, maana zimeinama juu zikaangaliana. Shokapu haibebi gari. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya shimo. Uzito wote uko kwenye springi.

Alinisikiliza kwa heshima zote, akitafuna kijiti.

"Bosi, wewe umesoma. Mimi nashika."

Akashika. Kwenye Carina, springi ya nyuma imekaa juu ya shokapu, kwa hiyo huwezi kubadilisha shokapu bila kuibana springi kwanza. Kuna kibanio cha kazi hiyo. Cha kwake kilikuwa kimeazimwa na fundi wa Chang'ombe tangu mwezi wa Ramadhani. Akachukua vipande vya nondo alivyovikunja vikawa ndoano, akazungushia waya wa kufungia zege, akamwita kijana wake akalie kwa juu ili springi ishuke. Nilirudi nyuma mpaka kwenye shina la mwarobaini. Springi ya gari iliyobanwa haina utani, imehifadhi nguvu ya kuinua robo ya gari na inasubiri tu mtu azembee.

Upande wa kushoto ulikubali. Upande wa kulia, waya ulikatika.

Kijana alikwenda huku, springi ikaenda kule. Kijana alitua kwenye rundo la tairi, akasimama akacheka. Springi ilipaa juu ya ukuta wa gereji, tukasikia bati likilia, kisha kuku, kisha kimya kidogo, kisha sauti ya mama lishe wa jirani.

"Nani kanirushia bomu?"

Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema. Springi iligonga bati la banda, ikadundia uwanjani, ikaishia chini ya bajaji. Lakini wateja waliokuwa mezani walitawanyika, na wapo waliogundua papo hapo kwamba wakiendelea kukimbia hawatalipa. Mama lishe alikuja na mwiko mkononi. Hesabu yake ilianza na sahani nne za wali maharage. Fundi alipojaribu kubisha zikawa saba, na moja ikawa na samaki.

Jioni nikaletewa bili ya matengenezo. Shokapu mbili, ufundi, gundi (sijui gundi ya nini), wali maharage sahani sita, wali samaki sahani moja.

"Fundi, huu wali nimekula mimi?"

"Hapana bosi, umeliwa na watu wakati wa kazi yako."

Nililipa shokapu na ufundi. Wali tuligawana, kwa sababu mama lishe alikuwa bado amesimama na ule mwiko.

Natoka, tuta la kwanza: kho!

Ndipo fundi alipokubali kuchungulia vizuri. Ile raba inayokaa kwenye fimbo ya shokapu ili kupokea pigo la mwisho ilikuwa imebaki unga, na hakuweka mpya kwa sababu, alisema, hazikuja na boksi. Springi nazo zilikuwa zimechoka, ya kulia imekatika kipande cha chini kabisa. Akavisema vyote hivyo kwa sauti ya mtu aliyevigundua peke yake, akaniahidi springi za kazi.

Zilikuwa za kazi kweli. Zilitoka kwenye gari kubwa zaidi ambalo hakutaka kulitaja. Zilikuwa ndefu, akazikata mzunguko mmoja kwa grainda. Sasa, springi ukiipunguzia mizunguko unaiongezea ugumu, chuma kilichobaki kina nafasi ndogo ya kujikunja. Nikamwambia. Akasema, "Ndiyo uzuri wake, bosi. Haitalala tena."

Tuliposhusha jeki, gari halikushuka. Yaani jeki iliondoka na gari likabaki kule juu, makalio hewani, pua chini, kama panzi anayejiandaa kuruka. Tulikaa watu wanne kwenye buti, na fundi si mwembamba. Halikutingishika.

Ukiweka simu kwenye siti ya nyuma, ukifunga breki inakufuata mbele. Mke wangu alipanda nyuma na mtoto, tulipofika mjini alikuwa ameshika kichwa cha siti yangu kwa mikono miwili. "Baba Neema, mimi sijakaa, nimemwagwa." Usiku taa zilimulika lami ya hatua chache mbele yangu, nikawa naviona vizuri sana vizibo vya soda, ila ng'ombe siwaoni mpaka wanusane na bampa. Na kwenye kila shimo nyuma ilikuwa inaruka, tairi linaacha ardhi kidogo, linarudi. Kugonga chini kuliisha, hilo siwezi kumnyima fundi haki yake.

Aliyelipenda ni mjomba wangu wa Kibaigwa. Nilikwenda kwake kuchukua mahindi ya nyumbani. Akalizunguka gari mikono nyuma, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mjomba, hatimaye umenunua gari la mwanaume."

Akapakia magunia matatu, mawili kwenye buti na moja siti ya nyuma, amelifunga mkanda. Gunia la kilo 100 la mjomba ni kilo 100 kwa jina tu, lumbesa yake inahitaji ngazi. Na hapo, ndugu zangu, Carina likashuka taratibu, likakaa sawa. Mbande, Buigiri, Chamwino, Ihumwa, matuta yote nilipita nalo limetulia, taa zinaona mbali, mjomba amelala mdomo wazi. Tukashusha magunia nyumbani, makalio yakarudi juu.

Kwa hiyo gari lilikuwa zima, mradi liwe na mahindi. Mimi nafanya kazi Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, kilomita kama 17 kutoka mjini, na siwezi kwenda ofisini kila siku na magunia ya mahindi. Nikatafuta mifuko ya saruji iliyokwisha, nikajaza mchanga wa korongoni, nikaipanga kwenye buti.

Getini mlinzi akaniomba nifungue.

"Hii nini, kaka?"

"Mchanga."

"Unaupeleka wapi?"

"Siupeleki popote. Ni wa gari."

Akaniangalia usoni, akauangalia mchanga. "Gari linatumia mchanga?"

"Bila mchanga linainuka."

Akamwita mwenzake, mwenye nyota begani. "Mkuu, huyu anasema gari lake linainuka." Foleni nyuma yangu ilishafika barabarani, honi zinalia. Mkuu alitaka ushahidi. Nikavua koti, nikashusha mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu, na gari likawa linapanda polepole mbele ya watumishi wa umma, likilia kwiii. Watu walishuka kwenye magari yao kutazama. Mkurugenzi wetu alipita akiwa ameshusha kioo, akaniona nimekumbatia mfuko wa mchanga saa moja na nusu asubuhi, akapandisha kioo.

Wakachoma kila mfuko kwa ubao wenye ncha kuhakikisha hakuna kitu ndani, kisha wakanisaidia kupakia. Tangu hapo ikawa kawaida, nikifika wanachoma mchanga, tunasalimiana, napita. Mifuko ikawa inavuja, napaki sehemu yangu naacha kichuguu.

Mwishowe niliagiza Dar es Salaam springi za Carina hilohilo, zilizotumika lakini nzima, na raba mpya za kwenye fimbo, vikaja na basi. Nikampelekea fundi mwingine mwenye kibanio cha skrubu, akabana springi huku anasikiliza mpira redioni, hakuna bati lililolia. Gari likashuka likakaa sawa bila kitu ndani. Tairi zilizolika ndani nilizibadilisha. Kile kho! hakijarudi, hata kwenye lile tuta la karibu na Nanenane lililojengwa na mtu mwenye hasira.

Mjomba alipokuja kulitazama alisikitika wazi. "Mmeliharibu." Akazibeba zile springi za kazi kwenye mfuko wa sandarusi, akapanda nazo basi la Kibaigwa. Anasema zina matumizi, hakuniambia yapi.

Jumatatu nikafika getini na buti tupu. Mlinzi akainua mfuniko, akainama, akapapasa zulia, akaniangalia kama mtu aliyeonewa.

"Kaka, mchanga umeupeleka wapi? Mimi nilikuwa nasubiri uuchoke, nina kibanda changu najenga hapo Ihumwa."