Samaki na jiwe vimetosha

Ukitoka uwanja wa ndege wa Mwanza kuja mjini, tazama vibao vya kulia na kushoto. Duka la vifaa vya umeme lina jiwe, lile la Bismarck, mawe yaliyopandana ndani ya Ziwa Victoria. Saluni ina jiwe. Chuo cha udereva kina samaki. Kampuni ya ulinzi imeona isichague, ikaweka vyote viwili: samaki anaruka juu ya jiwe, jua linazama nyuma yake, na jina la kampuni limebanwa chini kwa herufi za kupindapinda ambazo hata mlinzi wake hawezi kuzisoma akiwa ng'ambo ya barabara. Nafanya kazi kwenye studio ndogo ya dizaini hapa Mwanza, na haipiti wiki bila mtu kuingia kuomba hicho hicho. Maoni yangu ni kwamba imetosha.

Jiwe lenyewe sina ugomvi nalo. Bismarck ni zuri, hasa alfajiri kabla maharusi na wapiga picha wao hawajafika. Ugomvi wangu ni wa kikazi. Nembo inalipiwa ili imtenge mwenye nayo na jirani yake. Mtu akiiona kwenye gari, kwenye risiti au kwenye mfuko, ajue huyu ni fulani na si mwingine. Hata sheria inalitazama hivyo: Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986 inataka alama iweze kutofautisha bidhaa za mtu mmoja na za wengine. Ukiisajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, unapata ulinzi wa miaka 7, halafu unahuisha kwa miaka 10 mingine. Sasa mwenye saluni atasajili nini pale? Jina lake, pengine. Jiwe ni la mji mzima na samaki ni wa ziwa. Amelipia kitu ambacho mwenye duka la simu, mlango wa pili, anacho tayari.

Madizaina tukikutana, lawama zote humwangukia mteja. Hana ladha, hajui anachotaka, anataka kila kitu kiwe kikubwa. Mimi sikubaliani. Mteja wa Mwanza anajua vizuri sana anachouza, hajaulizwa tu. Kaa kwenye duka lolote la kuchapisha pale mjini usikilize. "Logo ya nini, boss?" "Ya kampuni." "Unataka rangi gani?" "Weka bluu na nyeupe." "Na nini kingine?" Hapo mteja anatazama dari, anakumbuka anaishi wapi, anasema: "Weka kitu cha Mwanza." Mazungumzo yameisha. Faili la mwaka juzi linafunguliwa kwenye CorelDRAW, programu ya kuchorea, jina linabadilishwa, na kabla mteja hajafika stendi kazi imeshamfikia kwenye WhatsApp.

Huyo kijana wa CorelDRAW naye tusimcheke sana. Nembo ameambiwa aitoe bure. "Ukichapisha bizinesi kadi, logo tunakufanyia bure," ndilo tangazo letu sote, na ndilo linalotuumiza. Kitu kisicho na bei hakipewi muda, na pasipo muda kinachotoka ni kile kilicho karibu na mkono. Dakika kumi zinatosha kuweka jiwe. Kumuuliza mteja swali la pili hazitoshi.

Kinachonichekesha zaidi ni samaki mwenyewe, maana mara nyingi si wa ziwa hili. Amepakuliwa mtandaoni, na ukitafuta picha ya samaki huko unaletewa salmoni wa bahari za kaskazini. Mchuuzi wa Mwaloni, soko letu la samaki, hadanganyiki. Sangara ana kichwa kilichobonyea usawa wa macho, pezi la mgongoni lenye miiba, mkia wa mviringo. Yule wa kwenye kibao ana mkia uliogawanyika panda, na kabla ya mkia kuna kipezi kidogo cha nyama ambacho sangara hana kabisa. Mgahawa unajisifia samaki freshi kutoka ziwani kwa picha ya samaki ambaye hajawahi kuonja maji yake.

Ukiingia kwenye historia mambo yanazidi. Bismarck alikuwa chansela wa Ujerumani, ndiye aliyeongoza ule mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, na Mwanza hakuwahi kukanyaga. Wajerumani waliweka kituo chao hapa mwaka 1892, na jina lake limebaki kwenye jiwe. Sangara naye ni mgeni: aliingizwa ziwani miaka ya 1950 upande wa Uganda, na alipozidi, miaka ya 1980, akamaliza aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili ya ziwa. Sato tunayemchoma Jumapili aliletwa enzi hizo hizo. Mwenyeji hasa ni ngege, na ngege simwoni kwenye kibao chochote. Silalamikii ugeni; sangara amejenga viwanda na kusomesha watoto wa watu. Ila anayeniambia jiwe na sangara ndiyo asili yetu, aje na hoja ya ziada. Timu ya mji huu, iliyorudi Ligi Kuu mwaka 2024, inaitwa Pamba. Jina hilo limetoka kwenye kilichokuwa kinawalisha watu wa Usukuma, wala halikutoka kwenye kinachopendeza ukisimama ufukweni.

Mfano ninaoupenda ni wa dagaa. Mama mmoja anayefungasha dagaa upande wa Kayenze alituletea mfuko wake wa zamani ili tuung'arishe. Mbele palikuwa na sangara mkubwa akiruka juu ya Bismarck. Ndani, dagaa. Sangara hula dagaa! Mama wa watu alikuwa anachapisha adui wa bidhaa yake kwenye kila mfuko.

Badala ya kufungua kompyuta tulimfuata kwake, kisha tukaenda naye sokoni kumtazama mnunuzi. Anayenunua dagaa haanzi kwa kusoma. Anachota kiganjani, anawarusharusha kidogo, anawarudisha, halafu anatazama kilichobaki kwenye mistari ya kiganja. Akiona mchanga anaondoka. Kisha anatazama rangi: waliokauka kwa jua kali wanang'aa kama walivyotoka majini, walioanikwa siku za mvua wanageuka kahawia na kuanza kunuka mafuta. Mwisho anauliza bei. Ziwa halitajwi hata mara moja.

Mchanga ndiyo habari yenyewe. Nenda soko lolote la Dar es Salaam utakuta dagaa wa Kigoma na dagaa wa Mwanza kila mmoja na fungu lake, na wa Kigoma ana bei ya juu. Muulize muuzaji kwa nini, atakuambia bila kufikiri: wa Mwanza wana mchanga. Sifa hiyo mbaya imetokana na kuanika chini, juu ya mchanga wa ufukweni, na wengi bado wanaanika hivyo. Huyu mama alikuwa ameacha. Anaanika kwenye chanja, dagaa wake hawagusi ardhi tangu wanaposhuka mtumbwini, na gharama ya miti na nyavu za chanja ameibeba mwenyewe. Hakuna aliyejua. Mfuko wake ulikuwa na jiwe, na jiwe lile kwa mnunuzi wa Dar linasema Mwanza, na Mwanza kwenye dagaa inasema mchanga. Alikuwa analipia wino wa kujichongea.

Baada ya hapo kuchora kulikuwa rahisi. Mbele kuna jina lake, na chini ya jina: "Wameanikwa kwenye chanja. Hawana mchanga." Herufi nyeupe, nene, zilizosimama wima, zinazosomeka na mtu aliye upande wa pili wa meza ya muuzaji. Mfuko ni wa bluu iliyokolea inayokaribia weusi, ili mng'ao wa dagaa ujitokeze. Mama alitaka dirisha kubwa la plastiki, watu waone mali. Tukamweleza kwamba mwanga unaharibu mafuta ya samaki na dagaa watachacha wakiwa rafuni, hivyo dirisha likawa ukanda mwembamba karibu na chini, wa kutosha kumwonyesha mtu kwamba hapafichwi kitu. Nyuma kuna uzito, tarehe, alama ya TBS, shirika la viwango, na baa kodi inayoanza na 620 ya Tanzania. Neno Mwanza halikufichwa, lipo na ni kubwa, ila jicho linalifikia baada ya chanja.

"Mbona hamna ziwa?" mama akauliza. Kijana wake akaongeza kwamba jirani yao ana samaki kwenye mfuko na anauza. Hoja zetu hazikumshawishi hata kidogo. Kilichomshawishi ni mwenye duka mmoja wa Buzuruga aliyepelekewa sampuli: aliusoma mstari wa mchanga kwa sauti, kisha akauliza bei ya katoni.

Najua dizaina atakayesoma hapa atasema, mteja gani atanilipa kwa kutembea? Atakulipa ukimwambia mapema. Kutembelea na kuuliza kuwe na mstari wake kwenye ankara, mbali na mchoro, mbali na uchapaji, na advansi itoke kabla hujapanda daladala. Wengine wataondoka, na wakiondoka umeokoa siku. Mwenye kiosko hawezi gharama hiyo. Mpe kiti, funga skrini, mwulize nani ananunua kwake na kwa nini haendi kwa jirani. Nusu saa inatosha.

Kuna na upande wa fundi, ambao watu wa nembo za bure hawaufikirii kwa sababu si wao watakaochapa. Jiwe halichapiki. Chora yale mawe yaliyopandana, yatie vivuli vya kijivu kama yalivyo kwenye picha, halafu peleka kwa fundi wa fulana anayechapa rangi moja: vivuli vyote vinakufa, linabaki doa. Lidarizi kwenye kofia, doa la nyuzi. Lipunguze liingie kwenye muhuri wa mpira au kwenye kile kiduara cha picha ya WhatsApp, linakuwa kiazi. Na rangi je? Ile bluu inayowaka kwenye skrini haipo kwenye wino wa mashine ya mabango, itatoka imepoa, na mteja atagomba. Halafu bango likishatundikwa, jua linaanza kazi yake. Katika wino wa kawaida wekundu na njano ndio hukimbia kwanza, ndiyo maana mabango ya zamani barabarani yote yamegeuka ya bluu bluu. Lile jua la machungwa linalozama nyuma ya jiwe ndilo la kwanza kupotea.

Kuna jibu la haraka ambalo nalisikia sana siku hizi, kwamba basi turudi kwenye utamaduni, twende Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Nendeni, tena msichelewe. Pale Kisesa kuna banda la ngoma lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, na ukilizunguka unajua mara moja kwa nini ngoma za watemi zikae humo na si kwenye chumba cha mraba. Hilo ni somo la dizaini kuliko mengi ya YouTube. Lakini ukitoka pale na picha ya kiti ukaibandika kwenye nembo ya duka la simu, umeondoa jiwe umeweka kiti. Miaka mitatu ijayo nitakuwa naandika makala ya kulalamikia viti.

Wapo wenye haki ya samaki, sikatai. Kiwanda cha minofu. Mgahawa unaochoma sato. Mwenye boti ya kupeleka wageni kisiwa cha Saanane naye achukue jiwe lake. Mgeni wa siku mbili anataka kurudi kwao na fulana yenye Bismarck, na kumnyima ni roho mbaya tu. Hata hapo, nenda Mwaloni asubuhi umchore sangara aliyelala mezani.

Na sasa limekuja daraja. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, nguzo na nyaya zake zimeanza kupanda kwenye vichwa vya barua na milango ya magari. Mzee mmoja mwenye mabasi madogo ya Mwanza na Sengerema alitujia akitaka nyaya hizo ubavuni mwa gari zima. Tukamwamkia, tukampa kiti, tukamwuliza abiria wake wamebadilika nini tangu wanapita juu. Akafikiri. Akasema zamani hakuna aliyemwuliza saa ya kufika, kwa kuwa foleni ya kivuko haikuwa na saa. Siku hizi wanauliza saa ya kuondoka, na ikipita wanashuka na kuhamia gari la nyuma. Basi ubavuni tukaandika saa za kuondoka, kwa tarakimu nene zenye urefu wa mkono mzima, na jina lake juu yake. Ameshalipa nusu. Nusu iliyobaki anasema ataitoa tukimwekea daraja, hata dogo, kwenye kioo cha nyuma.