Mjomba na Vyuma vya Angani

Kwenye EVE Online, mchezo wa kompyuta wa meli za angani, ngome ya mchezaji haifi siku moja. Mwenyewe akichoka na mchezo, mafuta yanaisha, huduma zinazimika, na siku 7 zikipita hivyo inahesabika imetelekezwa. Zamani hata ukiivunja uliambulia moshi, maana mali za waliomo zilijihamisha zenyewe mahali salama. Tangu Mei 2020 iliyotelekezwa haina kinga hiyo. Ikipasuka, mali inamwagika nje kwa yeyote aliye karibu. Mwaka huohuo watengenezaji wa mchezo wakayabana madini migodini kwa makusudi, bei zikapanda, na sisi wachimbaji wadogo tukageuka wavunjaji.

Ya kwetu ilikuwa ya aina ya Astrahus, kwenye eneo la usalama mdogo. Kule kwenye usalama mkubwa usijisumbue: lazima kwanza utangaze vita, ulipe ISK (pesa ya mchezoni) milioni 100, usubiri saa 24, na hapo mtaa mzima umeshajua. Wenzangu walileta meli za kupiga. Mimi nilileta Noctis, meli ya kukusanyia mabaki. Ina mihimili ya kuvuta kontena kutoka mbali, ila tumbo lake ni la kitoto: mita za ujazo 1,460 tu. Frigeti moja, meli ndogo ya vita, hata ikifungashwa inakula 2,500; kruza, kubwa yake, 10,000. Kwa hiyo huchagui kwa ukubwa. Unabeba michoro ya kutengenezea vitu, 0.01 kila mmoja, na vipandikizi vya kichwani, mita moja ya ujazo kimoja, ambavyo vingine vinauzwa mamia ya mamilioni. Vikubwa vinasubiri lori.

Mjomba alikuwa amefikia kwangu hapa Chikongola, Mtwara, ametoka Newala kufuatilia malipo ya korosho. Alikaa nyuma yangu na kikombe cha chai, akitazama ngome inavyopigwa.

"Mjomba, hiyo nyumba ya nani?"

"Mwenyewe kaikimbia, mjomba."

"Hana ndugu?"

Ngome ikapasuka. Kontena zikatapakaa, na palepale simu ikanitumia ujumbe kwamba bando limebaki kiduchu. Vocha iko duka la pili, na ukikatika katikati ya kazi kama hii meli yako inabaki inaelea bila mtu huku wapita njia wakiitamani. Nikamwachia mjomba kipanya. Nikamwonyesha: kontena ikisogea ndani ya mita 2,500 inafunguka, shika kitu, kokota, weka humu. Akaitikia kwa utulivu wa mtu aliyepakia magunia tangu ujana wake.

Nikarudi mbio. Mjomba anatabasamu.

"Imejaa pomoni, mjomba. Haiingii hata sindano."

Nikatazama shehena. Tritanium, vipande 146,000. Hakuna kingine. Kwa asiyejua, tritanium ndiyo madini ya chini kabisa, kipande kinauzwa ISK chache. Mzigo wote ule haukufika hata milioni moja na nusu. Pembeni, kontena ya vipandikizi ilikuwa wazi. Aliifungua, akaikagua, akaiacha.

"Hivi je?"

"Vile vilikuwa kumi na kitu tu. Mtu mzima anaacha laki na nusu anabeba kumi?"

Nikaanza kutupa tritanium nje nipate nafasi. Mjomba akanishika mkono, kweli kabisa, kama namwaga korosho ya daraja la kwanza barabarani. Tukiwa bado tunavutana, jamaa mmoja akatokea na meli ndogo ya kasi, akasomba vipandikizi vyote, akaaga kwa kutuandikia "asante". Wenzangu tuliokuwa tunaongea nao kwa sauti mtandaoni wakanyamaza kwanza. Halafu mmoja akauliza nani anaendesha Noctis.

Sikujibu. Mjomba akajibu, kipaza sauti kilikuwa wazi: "Mimi hapa, mwanangu. Mzigo uko salama."

Tritanium nikaifikisha stesheni. Niliposema bei ni ndogo, mjomba akanishauri tusiuze, tuiweke ghalani tungoje mnada wa pili. Huko Newala ndivyo wanavyofanya wenye akili, akasema, na kwa kweli mwaka ule wa uhaba ushauri wake haukuwa mbaya kuliko wa vijana wengi ninaowajua mchezoni.

Kesho yake asubuhi hodi. Nafungua mlango, kijana amesimama na guta, mizani juu yake na kamba mpya za kufungia.

"Shikamoo, kaka. Nimeelekezwa na mzee mmoja pale stendi. Mna vyuma chakavu, vipande laki na arobaini na sita?"

Kutoka chumbani mjomba akapaza sauti: "Mwambie hatuuzi kwa kilo!"